Mtoto Akikamatwa Kirumba, Anahesabiwa Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, walimu na askari wa polisi kata kutoka Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji wa Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoacha ni vicheko na simu zilizolia.

Wazee wangu, shikamooni. Bhabha na mayu, mwangaluka. Wenzangu wa rika langu, habari za tangu asubuhi. Na nyie vijana, marahaba, maana naamini mmeshanisalimia kimoyomoyo.

Wengine hapa mnanifahamu kwa jina la Mama Ustawi, kwa kazi yangu ya ustawi wa jamii. Hilo jina sikupewa na serikali, nilipewa na watoto wa Makoroboi, na nimestaafu nalo. Nimeombwa niseme juu ya watoto wanaokamatwa na polisi hapa kwetu, na kama hali yetu ni mbaya kuliko ya nchi nzima. Nitajitahidi. Ila nawaambia mapema kwamba nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita alinijia nyumbani kijana mmoja wa ulinzi shirikishi. Kijana msomi, simu yake ina kioo kipana kuliko dirisha la jiko langu. Akanionyesha mchoro wa mji mmoja wa Marekani. Mistari miwili: mwekundu ni wa mji, wa bluu ni wa taifa. Yote inashuka, lakini mwekundu uko juu ya wa bluu mwaka baada ya mwaka. Chini yake wameandika watoto waliokamatwa, kwa kila watoto 100,000. Akaniuliza, "Mama, mstari wetu sisi uko wapi? Mwanza tuko juu ya taifa au tuko chini?"

Nikamwambia mwanangu, swali lako zuri, ila unaezeka nyumba ambayo hujaijenga. Kaa, nikuwekee chai.

Tuanze na huko huko Marekani, kwa sababu wenzetu wamehesabu kwa muda mrefu na makosa ya hesabu zao yanaonekana vizuri. Polisi wa kila mji hupeleka hesabu kwa FBI, kisha wataalamu wanazipanga kwa umri. Mwaka 1996 walio chini ya miaka 18 walikamatwa karibu mara milioni 2.7. Mwaka 2019 makadirio yalikuwa 696,620. Mwaka uliofuata, 2020, yakawa 424,300.

Hebu tusimame hapo kwenye miaka hiyo miwili ya mwisho. Kati ya mmoja na mwingine, karibu 4 katika kila 10 wametoweka daftarini. Je, watoto wa Marekani waliokoka wote kwa mkupuo? Mnacheka, lakini kuna mahali mtu amesimama jukwaani akadai sifa kwa mteremko ule. Mwaka 2020 ulikuwa wa korona. Shule zimefungwa, maduka yamefungwa, mtoto yuko sebuleni kwa mama yake, na askari wa miji mingi wameelekezwa wasibebe watu kwa makosa madogo ili mahabusu zisijae ugonjwa. Mstari ukashuka. Tabia za watoto zilibadilika kiasi fulani, ndiyo, maana duka lililofungwa haliibiwi peremende. Lakini tabia za polisi nazo zilibadilika, na mchoro hauna rangi ya tatu ya kutuonyesha lipi ni la nani.

Halafu ikaja 2021. FBI wakabadili mfumo wa kupokea hesabu. Vituo vingi havikuwa tayari, vya New York na Los Angeles vikiwemo. Kwa hiyo hesabu za taifa zilizofika mwaka ule zilikuwa na matundu, na matundu yenyewe ni miji mikubwa kuliko yote. Sasa chukua mji wako, ulinganishe na taifa la mwaka 2021. Umeulinganisha na nini hasa? Ni sawa na kupima urefu wa mwanao ukutani, kisha mtu akahamisha ukuta.

Kijana wangu alikuwa ameshika kikombe, hajanywa. Nikajua yameanza kuingia.

Kuna neno moja ambalo ukilielewa, mengine yote yatakuja yenyewe. Neno hilo ni kukamatwa. Watoto watano wakichomoa kiroba kimoja cha dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wakakimbia nacho kuelekea barabarani, tukio ni moja lakini waliokamatwa wanaweza kuwa watano. Watoto huiba kama wanavyocheza mpira, kwa kundi. Mtu mzima huiba peke yake ili asigawane. Na mtoto mmoja, yule yule, akikamatwa Januari, akaachiwa, akakamatwa tena Machi na Juni, daftarini ni watatu. Kwa hiyo chati ile haihesabu watoto, na haihesabu uhalifu. Inahesabu ni mara ngapi mkono wa askari umeshika bega la mtoto, na kalamu ikaandika. Vitu vitatu: mkono, bega, kalamu. Kila kimoja kinaweza kuusogeza mstari peke yake wakati vingine vimetulia.

Afande pale nyuma anatikisa kichwa. Anakubali au anasinzia, tutajua baadaye.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme tunataka kuchora mstari mwekundu wa Mwanza. Nauliza: Mwanza ipi?

Msishangae. Mtu akisema Jiji la Mwanza, watu wengi mjini hapa wanaona kichwani mji mzima: Jiwe la Bismarck, Bugando juu kilimani, Kirumba, Pasiansi mpaka uwanja wa ndege, halafu upande wa pili Igoma na Buhongwa. Lakini tangu 2012 Ilemela ni manispaa yake. Jiji kwa maana ya halmashauri ni Nyamagana peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Mji ambao dereva wa daladala anaujua una watu zaidi ya milioni moja na laki moja, na mji ulioandikwa kwenye bango la halmashauri ya jiji una kama nusu yake na ziada kidogo.

Mtoto wa Igogo analala Nyamagana. Asubuhi anavuka mjini kwa miguu, anafika Mwaloni Kirumba, yaani Ilemela, anabeba ndoo za wachuuzi. Akikamatwa, amekamatwa Ilemela. Mwenye kuchora akimweka juu ya mstari wa kugawia kama mhalifu wa Ilemela, halafu chini akagawa kwa idadi ya watoto wanaoishi Ilemela, amechukua samaki wa mtu huyu akamtoza ushuru mtu yule. Kirumba itaonekana jehanamu na Igogo itaonekana pepo. Mwenyekiti wa Igogo anatabasamu. Subiri, zamu yako inakuja.

Na hapo sijataja watoto ambao hawalali Igogo wala Kirumba. Watoto niliowapokea mimi kwa miaka yote ya kazi, wengi wao hawakuzaliwa mjini. Walishuka stendi ya Nyegezi kutoka Shinyanga na Geita, wengine walivuka na feri ya Kamanga kutoka Sengerema wamejificha kati ya mikungu ya ndizi, wengine lori la mkaa liliwatupa Buhongwa alfajiri. (Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hata mkata tiketi wa feri hawaoni tena wengine wao. Daraja ni zuri, nalipenda, lakini nalitaja.) Sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Makarani walijitahidi kuwafuata hata barazani mwa maduka, lakini mtoto anayelala hapa leo na Magu kesho ni mgumu kumweka kwenye kisanduku. Lakini anapokamatwa, kumwandika ni rahisi sana. Yuko juu ya mstari wa kugawia, chini hayupo. Kila mji unaovuta watoto wa vijijini utaonekana na watoto wabaya kwa sababu hii tu.

Wenzetu wa takwimu huita ile idadi ya chini asili, yaani inayogawa. Nawaomba muipe heshima. Mwaka 2002 mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.9. Mwaka 2012 sensa ikatoa 2,772,509. Je, tulipungua? Hapana, Geita ilitoka ikawa mkoa. Mwaka 2022 tukawa 3,699,872, ongezeko la karibu theluthi ndani ya miaka kumi. Sasa mtu akichukua waliokamatwa mwaka 2021 akawagawa kwa watu wa mwaka 2012, atatuongezea ubaya kwa karibu theluthi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza kosa. Nimeona karatasi za semina zimefanya hivyo. Zilikuwa na jalada zuri.

Na udogo wa mji wenyewe una matatizo yake. Nitumie namba za kubuni, zisije zikanukuliwa. Tuseme mji una watoto 200,000 wa miaka 10 hadi 17, na kwa mwaka wamekamatwa 400. Kiwango ni 200 kwa kila 100,000. Ijumaa moja mkuu mmoja anatangaza operesheni, difenda zinazunguka siku mbili, watoto 100 wanabebwa. Kiwango kimeruka hadi 250. Wikiendi moja tu, mstari umepanda robo. Tuseme taifa lina watoto milioni 12 wa umri huo. Watoto wale wale 100 hata hawatikisi mstari wa bluu, ni chini ya mmoja kwa kila 100,000. Ndiyo maana mstari wa mji huruka kama sangara aliyenasa na mstari wa taifa hutambaa. Anayetazama michoro miwili bila kujua hili anadhani mjini kuna vurugu na nchini kuna amani.

Nimetaja miaka 10 makusudi. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na wa chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya hakifai. Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kundi letu ni 10 hadi 17, na kwa bahati ndilo kundi wanalotumia Marekani kwenye viwango vyao. Ukigawa kwa watoto wote, pamoja na wanaonyonya, umejisifu bure. Karibu nusu ya Watanzania ni watoto, na wengi wao bado hawajafikia hata kuiba sukari.

Tuje kwenye lile la kulinganisha jiji na taifa. Mimi nadhani kulinganisha Mwanza na taifa zima ni kulinganisha soko na shamba. Taifa lina vijiji vingi ambako kituo cha polisi kiko mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Mtoto wa Kwimba akiiba mbuzi, mnajua kinachotokea. Sungusungu wapo tangu miaka ya themanini mwanzoni, walianza na wezi wa ng'ombe huku kwetu Usukumani na Unyamwezini. Baba mtu ataitwa, atatozwa, mtoto atakula fimbo, jambo ambalo mimi silikubali na nimeshagombana nalo sana, na shauri limekwisha. Hakuna kalamu. Mtoto yule yule akiiba simu Mlango Mmoja, hapa mjini, dakika kumi baadaye yuko kaunta, akibahatika kufika hapo mzima. Kosa linaweza kulingana, ila moja limeingia daftarini na jingine limeingia tumboni mwa wazee. Mara nyingi mstari wa mji utakuwa juu ya wa taifa, hapa, Marekani, kokote. Kukuta mji uko juu ya taifa si habari. Habari ni kama pengo linapanuka au linapungua, na tulinganishwe na wenzetu: Arusha, Mbeya, Tanga, Dodoma. Wenye stendi kwa wenye stendi.

Nakuja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Afande, usinikasirikie, na wala usijaribu kukisia ni kituo gani, maana sitakitaja.

Ilikuwa mwaka 2010. Sheria ya Mtoto ilikuwa imepita Bungeni mwishoni mwa mwaka uliotangulia, bado inanukia karatasi mpya. Niliitwa kituoni asubuhi baada ya msako wa usiku. Nikaomba kitabu cha mahabusu. Jalada la kahawia limetoka kona moja, maandishi ya kalamu ya bluu. Nikapitisha kidole kwenye safu ya umri. 18. 18. 18. Nikaendelea kushuka. Watu kumi na mmoja wamekamatwa usiku mmoja, na wote wana miaka 18 kamili. Hata mapacha hawapatani hivyo.

Nikaomba niwaone. Wakatolewa, wakachuchumaa ukutani. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga, lile la kuokotea dagaa zinazodondoka wakati magunia yanapakiwa. Mkono wake ulikuwa unameta mpaka kwenye kiwiko. Kopo halikuwa na kitu, dagaa wameshamwagwa, lakini hakuliachia. Nikamwambia fungua kinywa. Jino la pembeni ndiyo kwanza linachomoza kwenye ufizi. Nikamuuliza, umezaliwa lini? Akasema, "Mama alisema nilizaliwa mwaka wa MV Bukoba."

Hapa ukumbini hakuna anayehitaji kuambiwa mwaka wa MV Bukoba. Ni 1996, mwaka meli ile ilipozama. Mtoto yule alikuwa na miaka 13 au 14, na tarehe yake ya kuzaliwa aliijua kuliko mwenye kitabu.

Koplo aliyeandika hakuwa mtu mbaya. Nilikaa naye, akaniambia kwa upole. Saa nane usiku, chumba cha mahabusu ni kimoja, afisa ustawi amelala Nyakato, mzazi yuko Ukerewe na simu haipatikani. Sheria inataka mtoto asichanganywe na watu wazima, mzazi aitwe, ustawi wawepo. Akiandika 13 amejiletea kazi tano ambazo hana pa kuzifanyia. Akiandika 18 anafunga kitabu, anakunywa chai. Cheti cha kuzaliwa nani anacho? Siku zile kuzaliwa kwa mtoto kulikuwa kunaandikwa kwenye kumbukumbu za mama tu. Baadaye RITA, wakala wa serikali wa usajili, walileta mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano bure, kwenye zahanati na ofisi za kata, na Mwanza tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Watoto waliosajiliwa wakati ule ndio sasa wanaingia umri wa kukamatwa, na ndio maana nasema mambo yanaweza kubadilika.

Lakini nataka mwone kilichotokea kwenye hesabu. Usiku ule, watoto waliokamatwa kwenye kituo kile, kwa mujibu wa kitabu: sifuri. Mkoa ukipeleka taarifa, sifuri inapanda ngazi. Taifa linapokea sifuri. Mstari umeshuka, mtu anapongezwa.

Sasa geuza. Kituo kile kikipata dawati la jinsia na watoto linalofanya kazi, na koplo akapewa chumba cha pili, namba ya simu ya ustawi wa zamu na mahali pa kumlaza mtoto. Ataandika umri wa kweli. Waliokuwa "18" watakuwa 13, 15, 16. Mwisho wa mwaka idadi ya watoto waliokamatwa imepanda mara kadhaa, na kuna mwandishi ataandika kwamba watoto wa Mwanza wameharibika. Kumbe ndiyo kwanza sheria imeanza kuwaona! Mstari unaopanda unaweza kuwa habari njema, na mstari ulio chini unaweza kuwa ni uongo wa saa nane usiku. Kwenye simu ya kijana wangu, yote mawili yana sura moja.

Mwalimu mmoja ameuliza hapa katikati, yule mtoto alikamatwa kwa kosa gani. Asante, mwalimu, ningesahau. Uzururaji.

Kosa hilo limo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu enzi za Mwingereza, uzembe na uzururaji, kifungu cha 176 na 177. Mtoto alikuwa anaokota dagaa saa nane usiku kwa sababu saa nane usiku ndiyo mitumbwi inaanza kurudi, na anayechelewa anakuta chini pameshafagiliwa. Ukimwita mzururaji, ni sawa, ukimwita mfanyakazi wa zamu ya usiku huna kosa pia. Mwaka 2020, tarehe 4 Desemba, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na ule wa Afrika wa haki za mtoto. Ni maoni ya ushauri, hayafuti kifungu. Lakini nawapa mfano wa hesabu: nchi ikiamua kesho kwamba uzururaji si kosa, watoto wanaokamatwa watapungua kesho hiyo hiyo. Mtoto wa kopo atakuwa pale pale, na dagaa zake.

Kwa hiyo mtu akikuletea kiwango cha watoto waliokamatwa, mwulize kwa makosa gani. Kama mji mmoja unabeba wazururaji na mwingine unawapitia tu, huwezi kuilinganisha. Mimi ningetaka nione makosa ya kumwumiza mtu, wizi wa kuvunja na uporaji yamewekwa peke yake, kisha uzururaji na ombaomba peke yake. Hilo la kwanza linanikosesha usingizi. La pili ni kazi yangu, si ya Afande.

Na kuna lile la majina. Marekani, mwaka 1995, profesa mmoja, John DiIulio, alitabiri kizazi cha watoto wawindaji wasio na huruma ambao wangejaa mitaani. Neno lilishika kama moto wa mabua. Majimbo yakakaza sheria, watoto wakapelekwa mahakama za watu wazima. Na nimeshawatajia hesabu: 1996 ndiyo ilikuwa kilele, kuanzia hapo mstari ukashuka zaidi ya miaka ishirini. Wawindaji hawakuja. Mwenyewe baadaye alisema anajutia.

Sisi tuna panya. Dar es Salaam, usiku wa tarehe 2 Januari 2015, watu walifunga maduka wakakimbia kwa sababu ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji, na mwaka 2022 jina likarudi, safari hii kukiwa na damu. Sidharau maumivu ya waliokatwa mapanga. Lakini taharuki ya Dar haiishii Ubungo, inapanda basi. Jina likishatoka redioni, kijana wa Mabatini aliyesimama na wenzake wanne kwenye kona anageuka panya bila kuhama kona. Mkono unakuwa mwepesi, mabega ni yale yale. Mwaka 2015 nilikuwa bado kazini, na wiki zile nilipokea watoto wengi ambao kosa lao lilikuwa kukaa kwa kundi. Mkitazama mchoro wowote wa mji, tafuteni kwanza miaka ambayo redio ilipiga kelele.

Ngoja niseme na hili kwa ufupi kwa sababu muda unanikimbia: mtoto akitiwa hatiani hafungwi jela, Sheria ya Mtoto imekataza. Anaweza kuachiwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho. Iko Irambo, Mbeya. Kutoka hapa ni safari ya siku nzima ya basi. Mzazi wa Igogo ataenda kumwona mwanawe mara ngapi? Hilo halimo kwenye mstari wowote.

Mzee mmoja ameniuliza wakati wa maswali: "Mama Ustawi, umetuvunjia chati, sasa tufanye nini? Tusihesabu?" Mzee wangu, tuhesabu sana! Nisichotaka ni kupokea namba iliyoiva bila kujua imepikwa jikoni gani.

Nimekuja na daftari. Kurasa mia mbili, nimelinunua kwa shilingi elfu tatu, na mistari nimeichora mwenyewe jana usiku umeme ulipokatika, kwa hiyo msishangae imepinda. Kila kata italeta mambo haya kwa kila mtoto, bila jina: mtaa anakolala, mahali alipokamatwa, umri na umejuaje, kosa, nani alimkamata (polisi, mgambo, sungusungu au raia wenye hasira), na kama ni mara ya kwanza. Hiyo safu ya "umejuaje" msiiruke. Andikeni cheti, kadi ya kliniki, mwalimu, mama, au MV Bukoba. Andikeni pia wale ambao hamkuwapeleka kituoni, mliomaliza nao mtaani, maana hao ndio watakaotuonyesha pengo kati yetu na vijiji. Tukae mwaka mzima bila kujilinganisha na mtu. Mwaka wa pili tujilinganishe na sisi wenyewe. Wa tatu, kama Arusha na Mbeya watakuwa na daftari lao, tuwaalike, tutawapikia sato.

Kijana wangu wa chati yuko pale mlangoni, yeye ndiye atakayeingiza kwenye simu. Nimemwambia mstari wa kwanza atakaochora uwe wa safu ya umri, na akiona kata yoyote imeleta watu wa miaka 18 kumi na mmoja kwa mpigo, anipigie.

Daftari liko mezani, kalamu imefungwa na uzi. Mwenyekiti wa Igogo, nilikuahidi zamu. Njoo uanze.